Jinsi ya Kwenda Kuvua kwa Mtumbwi Bila Kuhama Nyumba

Anza na kamati, maana sisi watu wa Afrika Mashariki hatujawahi kwenda popote bila kamati. Mtu mmoja akitamka "Boundary Waters" kwenye sherehe ya ubatizo huko Brooklyn Park, Minnesota, kabla pilau haijapoa kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Mwenyekiti amejiteua. Mweka hazina ametafutwa miongoni mwa walokole. Wanachama wamefika 27, akiwemo mjomba wa mtu anayeishi Texas, ambaye hana nia ya kwenda ila anapenda kufuatilia. Kila mmoja ameandika "niko ndani".

Mahali mnapokwenda hapapokei watu 27. Boundary Waters ni pori la kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, mpakani na Canada: maziwa zaidi ya 1,000 yaliyotapakaa ndani ya ekari zaidi ya milioni moja za msitu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 iliyalinda mapori ya aina hii, na nyingine ya 1978 ikalikaza hili peke yake. Ukishaingia hakuna barabara wala duka. Injini hairuhusiwi isipokuwa kwenye maziwa machache, na hata ndege zilishakatazwa kuruka chini chini juu ya eneo hilo kwa amri ya Rais Truman ya 1949. Unaingia kwa kafi na unatoka kwa kafi. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4, na hesabu hiyo hushika kila mahali, kambini, njiani na majini. Hata mkikata vibali viwili, hamwezi kukutana katikati ya ziwa mkafika 14 ili mpige picha ya ukoo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni kujipunguza. Kanuni yangu ni fupi: anayehesabiwa ni aliyetoa mchango. Vibali vya msimu mzima hufunguliwa mtandaoni mwishoni mwa Januari, wakati maziwa yenyewe bado ni barafu, na kila lango la kuingilia lina idadi yake ya makundi kwa siku, kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba. Malango yanayopendwa huisha upesi, hasa siku za mwisho wa wiki za Julai na Agosti. Kibali huandikwa majina ya kiongozi na wasaidizi wake, na mmoja wao lazima afike mwenyewe na kitambulisho ili akichukue. Basi mchagueni mtu asiyepata dharura siku ya safari. Kila ukoo unaye mmoja, na mara nyingi ni shangazi. Mwandikeni shangazi.

Kuhusu mwezi wa kwenda sitawachelewesha. Msimu wa kuvua samaki aitwaye wolai hufunguliwa katikati ya Mei, maji yakiwa baridi kupita kiasi. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni ni zamu ya usubi, wadudu weusi wanaopenda nyuma ya masikio na ukingo wa nywele. Mbu hupokea kijiti hadi Julai iishe. Agosti maji yana uvuguvugu na bluberi zimeiva kwenye miamba. Septemba wadudu karibu wote wamekwisha, ila usiku utalala na soksi. Anayeanza aende Agosti.

Sasa ramani. Hapa kaeni chini, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibikia, miezi kabla mtu yeyote hajalowa kidole. Ramani ya Boundary Waters ikitandazwa mezani huamsha kiburi cha ajabu, hasa kwa wanaume waliovuka miaka 35. Ziwa linafuata ziwa, na kati yao kuna vijistari vifupi vyenye namba. Mwenyekiti ataweka kidole karibu na mji wa Ely, atakitelezesha hadi mpaka wa Canada na kukirudisha, kisha atatangaza kwamba mduara huo ni wa siku nne.

Vile vijistari ndivyo safari yenyewe. Ni njia za nchi kavu za kubebea mitumbwi na mizigo kutoka ziwa moja hadi jingine, na namba iliyoandikwa ni urefu kwa rodi, kipimo cha kale cha wapima ardhi. Rodi moja ni kama mita 5. Njia ya rodi 80 ni mita 400, na mita 400 si kitu kwa mtu aliyekwenda shule kwa miguu. Lakini hamvuki mara moja. Mnavuka na mzigo wa kwanza, mnarudi mikono mitupu, mnavuka tena na wa pili. Mita 400 zimekuwa 1,200, juu ya mawe, mizizi na tope. Mduara wa mwenyekiti wenye njia 10 za namna hiyo una kilomita 12 za miguu ndani ya kitu mlichokiita safari ya mtumbwi. Majini nako, mtumbwi uliojaa huenda kilomita 4 au 5 kwa saa siku tulivu. Mchana upepo ukiinuka kwenye ziwa kubwa, mwendo huo hukatika nusu, au hukatika kabisa, na mwenye akili huvuta mtumbwi ufukweni akachemsha chai mpaka utulie.

Chukueni mchoro wa mwenyekiti mkaukate nusu. Akilalamika, ukateni nusu tena. Nalisema hili kwa moyo wote, na sababu yangu ni samaki. Wolai, ambaye Minnesota ilimfanya samaki wa jimbo mwaka 1965, ana utando nyuma ya macho unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake hung'aa ukimmulika na tochi. Utando huo humpa faida giza linapoingia, wakati samaki wadogo hawamwoni vizuri. Mchana wa jua kali hushuka kwenye kina, na jua likizama hupanda kwenye miamba na kingo kuwinda. Agosti jua la huko huzama saa mbili usiku na dakika kadhaa. Kundi linalofika kambini saa hiyo, mabega yamechubuka, hema halijasimama na watu hawasemezani, limempita samaki lililomfuata kutoka mjini. Kundi lililofika saa saba mchana limeshachagua kambi nzuri, limekula, limelala kidogo, na saa moja jioni liko majini, ndoana chini. Mduara mrefu una sifa nzuri za kusimulia ofisini, lakini jioni ya samaki hauna.

Kwa safari ya kwanza nawapendekezea mlolongo ulioko mashariki mwa Ely, ambao majina yake hata mtoto atayashika: Lake One, Lake Two, Lake Three, Lake Four. Mnaanza kwenye maji moja kwa moja. Kati ya Lake One na Lake Two kuna njia mbili za kubeba, zote mbili kwa pamoja hazifiki mita 400, na kutoka Two kwenda Three mnapita kwa maji. Lake One ina ghuba na visiwa vinavyopoteza watu, kwa hiyo ramani ikae mapajani mwa aliyeko omo, isizikwe ndani ya begi. Wekeni kambi Lake Three, kaeni hapo usiku tatu, mvue kila upande. Mtaona pia alama za moto wa Pagami Creek, uliowashwa na radi Agosti 2011 ukala zaidi ya ekari 90,000: vigogo vyeusi vimesimama juu ya misonobari michanga iliyosongamana. Koni za aina moja ya misonobari hiyo hufunguka zikipata joto la moto, ndipo mbegu zinapomwagika. Mlolongo huu una wageni wengi, nao ni sababu nyingine ya kuwahi. Kambi ni zile zilizotengwa tu, zenye kiunzi cha chuma cha kuwashia moto, na hakuna anayekuwekea nafasi.

Nimalize habari ya choo niipite. Kila kambi ina kimoja, nyuma msituni. Ni kiti juu ya shimo, hakina ukuta, paa wala mlango. Imbeni mnapokwenda.

Tuje kwenye mizigo, sura ambayo kamati itaipinga kwa nguvu zote. Mtumbwi wa Kevlar wa kukodi Ely una uzito wa chini kidogo ya kilo 20, wa alumini unapita kilo 30. Kodini wa Kevlar hata kama mweka hazina atalia. Katikati una mti wa kukingama wenye pedi mbili za kukaa mabegani. Unauegemeza mtumbwi kwenye mapaja ukiwa ubavu, unaurusha kwa kuuzungusha, unaingiza kichwa, na mara uko ndani ya chumba chembamba chenye mwanga hafifu, unaona viatu vyako na hatua tatu za njia. Mikono yote miwili imeshika kingo. Mbu wanalijua hilo. Hukusanyika ndani ya chumba hicho na kukushughulikia usoni kwa utulivu mpaka ziwa la pili. Ndiyo maana mtu huvaa wavu wa kichwani kabla ya kuunyanyua mtumbwi, si baada.

Njia hizi hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, walizipita kwa mitumbwi ya magome ya miti karne nyingi, na hadi leo, chini ya mkataba wa 1854, wanazo haki zao za kuwinda, kuvua na kukusanya chakula katika nchi hii, ukiwemo mpunga wa mwituni wanaouvuna kwa mtumbwi mwishoni mwa kiangazi. Wafanyabiashara wa manyoya walipokuja, wapagazi wao Wafaransa wa Canada walibeba marobota mawili kwa mpigo, kila moja la kilo 41, kwa ukanda uliopitishwa kichwani. Mama yeyote wa Kikuyu aliyebeba kuni kwa ukanda wa kichwani akiuona mfuko wa kale uitwao Duluth, wenye ukanda kama huo, atautambua papo hapo, na pengine atawafundisha vijana wa Ely namna ya kuinamisha shingo. Kama kundi lenu lina mtu wa namna hiyo, huyo ndiye profesa wenu. Msikilizeni.

Kilichobaki ni kunyang'anya. Friji boksi la magurudumu libaki nyumbani, kwa sababu magurudumu na mizizi havijapatana. Viti vya plastiki vibaki. Jiko la mkaa la mjomba, lile lenye historia, libaki, pamoja na mbuzi mliyepanga kumchoma juu yake. Mto wa kulalia ubaki. Koti likikunjwa ni mto. Kila mtu awe na nguo za kushinda nazo na za kulala nazo, hizo za kulala zikae kwenye mfuko usioingiza maji na zisiguswe mchana hata mvua ikinyesha namna gani. Jinzi hazikauki, ziacheni. Na spika ibaki. Jioni sauti husafiri juu ya maji mbali kuliko mnavyodhani, na kuna ndege huko anayeitwa loon, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye kilio chake kinavuka ziwa zima. Mmelipa ili mmsikie.

Kwenye chakula ndipo tunawashinda wenyeji wote. Makopo na chupa za kioo haviruhusiwi kuingia, kwa hiyo maharage ya kopo, samaki wa kopo na soda za chupa vinakwama mlangoni. Wengine hapo huenda kununua chakula kilichokaushwa viwandani, kwa bei ya kuumiza. Sisi tuna dagaa. Dagaa ni wepesi, hawaozi, wana nguvu, na wameshakaushwa na jua la Mwanza bila mashine. Tuna unga, ambao kwa maji na moto unakuwa ugali wa watu wanane. Tuna mchele, dengu, pojo, njugu, kashata, tangawizi ya unga na majani ya chai. Chapati zilizopikwa usiku wa kuondoka zinafika siku ya pili zikiwa bado chapati. Vitunguu, limau chache, chumvi, pilipili ya unga, mafuta kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuaminika, na pakiti mbili za mchuzi miksi. Fungeni kila mlo kwenye mfuko wake, mwandike juu siku na saa yake, ili mtu asile chakula cha Jumapili siku ya Ijumaa kwa hoja kwamba upepo umemtia njaa. Maji ya ziwa yanavutia kwa usafi, lakini yachemsheni au myachuje, kwa kuwa vijidudu vya giardia havionekani.

Dagaa hao hao ndio sababu ya aya inayofuata. Dubu weusi wapo, na pua zao hazina mpinzani. Si wakali kama hadithi zinavyodai, ila akishajua kwamba kambi ina chakula hatasahau, na dubu wa namna hiyo mara nyingi mwisho wake ni risasi. Kwa hiyo kila chenye harufu, ikiwemo dawa ya meno na mafuta ya nywele ya shangazi, kinaingia kwenye chombo maalumu kisichofunguliwa na dubu, au kinavutwa kwa kamba juu ya mti, kama mita 4 kutoka ardhini na mita 2 kutoka kwenye shina. Tafuteni tawi kungali mchana. Watu wanaorusha jiwe lenye kamba gizani huumizana.

Samaki wenyewe sasa. Aliyefikisha miaka 16 anahitaji leseni ya Minnesota, na mtu mzima anayetaka trauti anaongeza stempu yake. Zana ziwe chache: fimbo moja kwa mtu, mshipi mwembamba, na ndoana zenye kichwa cha risasi cha gramu 3 au 4. Mchomekeni ruba wa chambo kwenye ncha yake pana, mteremsheni mpaka aguse chini, kisha mnyanyueni kidogo, mshusheni, mnyanyueni. Wolai hakamati kwa fujo. Utahisi uzito umeongezeka, au mguso mmoja tu. Subiri kidogo, kisha vuta. Paiki ni tofauti. Huyo ana meno, hurarua mshipi, na hufaa afunguliwe ndoana kwa koleo, si kwa vidole. Besi, ndugu wa yule aliyeko Naivasha, hupigana kuliko wote na huruka juu ya maji, na watoto wakimpata kwanza hawatataka mwingine.

Vueni mtakachokula usiku huo. Wolai ana nyama nyeupe na miiba michache. Mkatie vipande vya ubavuni, mpake chumvi, limau na unga kidogo, mkaange kwenye kikaango cheusi, mle na ugali kwa mkono. Matumbo na vichwa vipelekwe ndani ya msitu, mita 60 au zaidi kutoka ziwani na mbali na kambi, vizikwe. Ruba waliobaki msiwamwage majini, watoke nanyi kama walivyoingia.

Hapa chini sina utani. Wengi wetu hatujui kuogelea, kwa sababu tulikulia mbali na maji, au tulikatazwa mtoni kwa ajili ya mamba na kichocho. Boundary Waters haina mamba wala kiboko. Ina baridi. Maji ya Mei hukata pumzi kabla hujaita jina la mama yako, na hata anayejua kuogelea mikono humwisha nguvu ndani ya dakika chache. Sheria inataka kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha mtumbwini na mtoto chini ya miaka 10 alivae. Mimi nataka kila mtu alivae, limefungwa mpaka juu, kuanzia mguu unapoingia mtumbwini hadi unapotoka, mwenyekiti akiwemo. Wiki mbili kabla ya safari nendeni Lake Nokomis hapo Minneapolis, mkodi mtumbwi, mjifunze kukaa chini, kupiga kafi pamoja, na kupinduka kwa makusudi karibu na ufuko. Mzito akae tezi. Asisimame mtu, hata kwa ajili ya samaki.

Kabla ya kusimamisha hema tazameni juu. Tarehe 4 Julai 1999 dhoruba ya upepo iliangusha miti ya mamia ya maelfu ya ekari katika misitu hii kwa saa chache, na mti mkavu hauhitaji dhoruba ili uanguke. Simu nyingi hazishiki huko, kwa hiyo mwachieni mtu nakala ya ramani, jina la lango na siku ya kurudi. Yule mjomba wa Texas anaweza hatimaye kupewa kazi. Na kwenu ambao karatasi zenu za uhamiaji bado ziko njiani: mpaka wa Canada unapita katikati ya maziwa kama Basswood, Knife na Saganaga, na hakuna mstari uliochorwa juu ya maji. Chagueni maziwa ya ndani. Wolai wa ndani wana ladha ile ile.

Usiku wa mwisho laleni kwenye kambi iliyo karibu na lango, ili upepo wa asubuhi usiwafungie ndani. Kutoka Ely hadi Minneapolis ni mwendo wa saa nne kwa gari, na lazima msimame kula. Mtarudisha mitumbwi, mtaanika mahema sebuleni, mtagombania nani alipoteza kikaango, na kundi la WhatsApp litajaa picha hadi usiku wa manane. Ombeni ruhusa ya Jumatatu kazini mapema, ile ile wiki ya Januari mnayolipia kibali.